Bwana Kanti na Mpaka wa Katikati ya Barabara

Ndugu na majirani, sala zimeshasomwa kwa Kigujarati, na wajukuu watasema yao kwa Kiingereza. Maelezo haya ya maisha ya Kantilal Devchand Raichura, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Kanti, yameandikwa kwa Kiswahili kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema Kigujarati ni cha Mungu na cha mama yake, Kiingereza ni cha ofisini, na Kiswahili ni cha kupigia soga, na siku yake ya mwisho angependa watu wapige soga kidogo. Anayeyasoma ni mpwa wake, Indu, binti wa dada yake mkubwa.

Marehemu alizaliwa Kisumu, Kenya, tarehe 14 Septemba 1938, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Devchand Raichura na Mama Rambha. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na familia iliishi nyuma ya duka hilo. Ukuta kwa ukuta na wao alikaa fundi cherehani, Mwislamu, jina lake Malek, na milango ya uani ya nyumba hizo mbili haikufungwa mchana. Watoto waliingia na kutoka. Aliyekuta chakula mkekani alikaa akala, isipokuwa nyama ya kina Malek, ambayo mtoto Kanti aliinusa tu kwa mbali na kumeza mate. Hakuna aliyeuliza nani amekuja kufanya nini.

Alisoma shule za Wahindi za hapo hapo Kisumu na kumaliza mtihani wa Cambridge mwaka 1955. Alipenda jiografia kuliko masomo yote, na mwalimu wake alilalamika kwamba akimtuma ubaoni kuonyesha mto mmoja huonyesha yote. Septemba 1956 alimsindikiza baba yake kupiga kura. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewatenga watu: Wazungu na daftari lao, Wahindi Waislamu na lao, Wahindi wasio Waislamu na lao, na Waafrika walikuwa bado hawajafikiwa. Baba yake na Malek walitoka nyumbani pamoja, wakitaniana, kisha mmoja akaenda kumchagua mtu huyu na mwenzake akaenda kumchagua yule. Kanti aliuliza kwa nini.

"Serikali ndiyo inayojua nani ni wa upande gani," baba yake alimjibu. "Wewe ukishaambiwa upande wako, kaa."

Aliajiriwa mwaka 1957 kuwa karani katika bohari la reli, Kisumu, na akafanya kazi hiyo miaka kumi. Tarehe 6 Desemba 1964 alimwoa Jaya, binti wa Nakuru, mcheshi kumzidi, na mtoto wao wa kwanza, Kalpana, akazaliwa mwaka uliofuata. Baada ya uhuru marehemu alikuwa amebaki na pasipoti ya Kiingereza. Mwanzoni mwa 1968 habari zilienea kwamba Uingereza inataka kuwafungia mlango hata wenye pasipoti zake, na watu wakakimbilia ndege kama wanaokimbia mvua. Nauli ya wote haikutosha. Marehemu akatangulia peke yake, akatua Heathrow tarehe 24 Februari 1968, siku chache kabla sheria haijapita.

Alipanga chumba huko Hayes na kupata kazi ya kupakia mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege. Mwaka mmoja na nusu aliokaa bila Jaya haukuwa mwaka aliopenda kuuzungumzia, lakini kisa kimoja alikisimulia mara nyingi, akicheka, na wasikilizaji hawakucheka naye. Siku ya Diwali alikaanga bajia, akaziweka kwenye sahani, akaenda kwa jirani wa mlango wa pili. Mlango ulifunguliwa nusu. Jirani hakumtukana, alimuuliza tu, kwa upole, "Unataka nini?" Na Kanti akakosa jibu, maana hakuwa anataka kitu. Alisimama na sahani yake mpaka bajia zikapoa, akaomba radhi, akarudi chumbani akazila mwenyewe huku analia. Tangu siku hiyo aliamini kwamba katika nchi hii mtu hagongi mlango wa mtu bila kuwa na shughuli.

Agosti 1969 alihamia Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London, kwenye nyumba ya Ashlow Road ambayo baadaye aliinunua na ambayo hakuihama tena. Jaya na Kalpana walimfuata Septemba hiyo, na Jitendra akazaliwa mwaka 1971. Wakati huo Barabara ya Kingsbury haikuwa na maduka ya Kigujarati kama leo. Mtu akitaka dengu nzuri au bilinganya ndogo alisafiri. Tarehe 18 Juni 1970 marehemu alivaa suti, akaenda ukumbi wa shule kupiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya London, na alipofika mezani akamnong'oneza mama wa Kizungu aliyekuwa akisimamia, "Samahani, sanduku la Wahindi liko chumba gani?"

Yule mama alimtazama. "Sanduku ni hili moja tu, love. Wote humu humu."

Alirudi nyumbani mbio. "Jaya!" alisema. "Yule Mzungu wa kona, anayejifanya hanioni, alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Sasa hivi karatasi yangu imeilalia ya kwake!" Jaya alisema hajawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya harusi.

Ndipo akaingia kwenye siasa, ingawa tuseme kweli, siasa zenyewe hazikumkaa kichwani. Mwishoni mwa 1973 chama kimoja, ambacho leo hakina haja ya kutajwa kwa sababu ndani ya ukumbi huu tuko wa kila namna, kilitafuta mtu wa kuzungumza Kigujarati na wageni waliozidi kuja, wa Kenya na wa Uganda. Walimpa ua la utepe la kubandika kifuani na kumgawia mitaa. Uchaguzi ulikuwa Februari 1974, baridi ya kukata masikio. Jimbo lililokuwa likiitwa Wembley North likawa Brent North, na marehemu akajigamba kwamba amebadilishiwa jimbo bila kufunga hata sanduku moja la nguo. Lakini kilichomfurahisha hasa ni kwamba sasa aliweza kupanda ngazi ya mlango wowote, akabonyeza kengele, na akiulizwa "Unataka nini?" ana jibu.

Alikuwa mhamasishaji mbaya kupita wote. Chama kilimwambia dakika moja kila mlango. Yeye, akikaribishwa ndani, aliingia. Akipewa chai, alikunywa. Akionyeshwa picha za harusi ya binti wa mwenye nyumba, alizitazama zote. Jioni nzima huisha amemaliza nyumba nne. Mkuu wa kampeni alipomkaripia, alijibu, "Wamenikaribisha. Nitakataaje?" Na wa chama cha upinzani wakija kwake, aliwaketisha, akawamwagia chevdo, vile vitafunio vyetu vya kukaanga, kwenye sahani na kuwazuia hata saa moja. Chama kilidhani ni mbinu ya kuwapotezea muda adui, kikampongeza. Hakuwa na mbinu yoyote. Alikuwa anawapenda wageni.

Katika kampeni hiyo ya kwanza alivuka Ashlow Road na kugonga nyumba iliyotazamana na yake. Walikuwa wamehamia watu wapya, hajui ni nani. Akasikia sauti ya mwanamke kutoka jikoni: "Matar, hebu katazame mlango, mie mikono imejaa unga!" Mdomo wa Kanti ukafunguka wenyewe.

"Hodi!" akasema.

"Karibu!" sauti ikajibu. "Nani we?"

"Mimi Kanti. Natoka Kisumu."

"Kisumu ya Bara?"

"Iko ingine, mama?"

Mlango ukafunguliwa wote, siyo nusu. Walikuwa Bwana Matar na mkewe Bi Mwanamwema, watu wa Pemba waliolazimika kuikimbia nchi yao. Bi Mwanamwema alimtazama yule Mhindi na ua lake kifuani, akatazama theluji iliyomng'ang'ania viatuni. "Ingia basi," akasema. "Wasimama hapo wanitilia baridi ndani." Kikombe cha chai alichokunywa jioni ile, marehemu alisema, kilikuwa cha kwanza London kuwekewa hiliki bila yeye kuomba.

Kwa zaidi ya miaka ishirini familia hizo mbili ziliendeana. Jaya na Bi Mwanamwema walifundishana mapishi na kugombana juu ya kiasi cha pilipili. Bwana Matar alifariki mwaka 1996. Jaya naye, baada ya kuugua saratani, alifariki tarehe 11 Februari 1999, na nyumba ya Ashlow Road ikamwelemea marehemu. Kalpana alikuwa ameshahamia Toronto. Jitendra alikuwa Croydon, na Croydon kutoka Kingsbury, kwa treni mbili na basi, si pa kwenda kuomba chumvi. Jitendra alipiga simu kila siku, na simu ikikatwa marehemu alibaki ameshika kipokezi, akingoja pengine irudi.

Wenye kujua desturi zetu mtaelewa yaliyofuata. Wakati Jaya na Matar wapo, kuvuka barabara halikuwa jambo. Sasa upande huu ni mwanamume mjane peke yake, upande ule ni mwanamke mjane peke yake, na mtaa una macho. Marehemu alikuwa mtu wa haya. Hakuweza kwenda kwa Bi Mwanamwema hivi hivi tu. Lakini uchaguzi ulimpa ruhusa, kwa hiyo akaanza kuupenda uchaguzi wa kila aina. Mwaka 1999 ulikuja ule wa Bunge la Ulaya, ambao mtaani hapakuwa na aliyejua ni wa nini. Yeye aliusubiri kama sikukuu. Mwaka 2000 ukaja wa meya. Mwaka 2001 wa wabunge. Kila mara alipiga suti pasi, akabandika ua, akavuka. Mlango wa mbele uliachwa wazi kwa heshima, hata kama kuna baridi, na wao wakakaa sebuleni na makoti mwilini, wakinywa chai na kuwazungumza watu waliokwisha kufa.

Katika ule wa 2001 Bi Mwanamwema alimwambia, "Bwana Kanti, nikwambie kweli, n'na haya ya kukuficha. Mie chama chako sijakipa kura hata siku moja."

"Najua, bibi," marehemu alisema. "Wewe uko na sura ya mtu hapana nipa kura."

Walicheka. Aliondoka jioni ile akiwa mkunjufu kabisa, na Bi Mwanamwema alimtazama mpaka akaingia kwake.

Mwaka uliofuata, 2002, mipaka ya kata ilichorwa upya. Kata aliyoijua marehemu, kuanzia madukani mpaka kule nyumba zinakoteremkia upande wa bwawa, ilikatwa na kuunganishwa kwa namna nyingine, na mstari mmoja ukapita katikati ya Ashlow Road. Upande wake ulibaki kata hii. Upande wa Bi Mwanamwema ukawa kata ile. Chama kilikuwa na watu wengine wa upande ule. Wakubwa wa kata yake walimwambia kwa simu, "Ng'ambo si yetu tena, Kanti, usihangaike nako." Mtu mwingine angesikia amepunguziwa kazi. Yeye alisikia amepokonywa ruhusa.

Indu alimgombeza si mara moja. "Mjomba, mpaka wa kata ni wa karatasi za kura. Barabara ile hata gari hazipiti nyingi. Vuka!"

"Nivuke niseme nini?"

"Useme hujambo."

"Hujambo nasema hapa hapa nilipo," marehemu alijibu. "Nikifika mlangoni kwake akiniuliza nimekuja na nini, nitamwambia nini, Indu? Ile kata si yangu."

Tunaweza kumcheka. Lakini huyu ni mtu ambaye serikali, tangu utotoni, ilimwonyesha upande wake kwa mstari: kwenye kura, kwenye shule, kwenye pasipoti, hata mkewe alitengwa naye mwaka na nusu kwa sababu ya tarehe ya sheria. Aliitii mistari kwa sababu alikuwa ameona inavyouma. Akakaa upande wake. Kila uchaguzi alisimama dirishani akitazama vijana wa kata ya pili wakigonga kwa Bi Mwanamwema, wakimaliza kwa dakika moja kama walivyoagizwa, wakaenda zao. Siku za kutoa mapipa ya taka walisalimiana.

"Bwana Kanti, hujambo?"

"Sijambo, bibi. Baridi leo."

"Baridi kweli."

Wakati wa korona, ile miezi watu walipotoka kila Alhamisi kuwapigia makofi wauguzi, wazee hao wawili walisimama kila mmoja kizingitini kwake, wametazamana, wakapiga makofi mpaka mtaa mzima umeshaingia ndani. Kisha nao wakaingia. Marehemu alimwambia Indu kwamba zilikuwa Alhamisi nzuri, na alisikitika zilipokoma.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2020. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuhesabu ngazi, na Januari 2022 alilazwa hospitali wiki mbili. Aliporuhusiwa, Indu alihamia kwake kumtunza. Wiki hiyo hiyo alitembelewa na Mardhiya, msichana mpya wa chama, mzaliwa wa London, ambaye anakielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alileta habari kwamba kata zimechorwa tena kwa ajili ya uchaguzi wa Mei.

"Na hii barabara?" marehemu aliuliza.

"It's all ours now, Uncle. Both sides."

"Sema tena."

"Both sides. Ng'ambo pia," Mardhiya akasema, na hilo neno moja la Kiswahili alilitamka vizuri sana.

Tangu jioni ile marehemu alikuwa mtu mwingine. Alitaka suti yake ipelekwe kwa dobi. Alitaka ua jipya, kwa kuwa la zamani limepauka mpaka halijulikani ni la chama gani. Alijizoeza kusimama bila kushika kiti. Indu alimsihi asingoje. Mlango ni huo, unaonekana, atamshika mkono wavuke sasa hivi.

"Kampeni mwezi wa nne," alisema. "Nimengoja miaka yote hiyo, sasa nishindwe na wiki chache? Nataka kwenda na shughuli yangu kamili."

Mwezi wa nne hakuuona. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Machi 2022, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Indu alikuwa jikoni akimchemshia chai. Chumbani alikuwa peke yake, na hilo linatuuma, na hatutalificha hapa kwa maneno mazuri.

Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimeshafika mtaani. Indu alikuwa ameketi sebuleni aliposikia mlango wa mbele ukisukumwa. Hapakuwa na kengele wala hodi, kwa sababu kwenye msiba kwetu hazihitajiki. Aliingia Bi Mwanamwema, na fimbo yake mkono mmoja, na mkono wa pili sufuria iliyofungwa kitambaa.

"Wali na mbaazi za nazi," akasema. "Hamna nyama, wala hamkupita nyama sufuria hino. Najua leo hampiki."

Alikaa. Alitazama ile suti iliyorudi kwa dobi, bado imo ndani ya nailoni, imetundikwa mlangoni. Kisha akauliza lililomkaa moyoni. "Indu, mwanangu, mjomba wako alinikasirikia? Ni kwa vile nilimwambia sikipi kura chama chake?"

Indu alimweleza. Alimweleza mstari ulivyopita, na simu ya chama, na dirisha, na mwezi wa nne. Bi Mwanamwema alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpaka?" akasema. "Mpaka upi? Mie kila siku nafungua pazia naona lami."

"Ndivyo alivyokuwa, bibi."

"Kila uchaguzi nilikuwa nikiteleka chai. Nikisikia wanagonga, nafungua, ni vitoto." Alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Na mie n'likuwa sina la kunileta huku. Mwanamke mjane, naingia nyumba ya mwanamume yuko peke yake, nikiulizwa nimefuata nini n'tasema nini? Leo ndo n'na la kusema."

Aliinuka, akaomba aonyeshwe chumba alimolala marehemu.

Marehemu ametanguliwa na mkewe Jaya. Ameacha binti yake Kalpana na mumewe, wa Toronto, mwanawe Jitendra na mkewe, wa Croydon, wajukuu watano, dada yake mdogo aliye Leicester, mpwa wake Indu, na jirani yake, Bi Mwanamwema, wa ng'ambo ya Ashlow Road, ambaye amekaa nasi hapa safu ya mbele pamoja na familia kwa sababu ndipo mahali pake. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani mzee wetu, na huko alikogonga leo afunguliwe mlango wote, asiulizwe amekuja na shughuli gani.